Dhahabu si sauti
Makala yako imekaa mno kwenye ganda la shaba lililopakwa dhahabu la kicheza muziki cha Sony NW-WM1Z cha 2016. Kifaa kile kina uzito wa gramu 455! Sisi wasikilizaji tunachotaka kwanza ni ukimya: ukichomeka hedifoni ndogo za masikioni, zile zinazonasa kila kitu, usisikie mvumo hata chembe kabla wimbo haujaanza. Kisha nafasi ya kadi ya kumbukumbu, maana faili za muziki za FLAC ni kubwa, na vitufe halisi unavyobonyeza bila kukitoa kifaa mfukoni. Na betri? Hapo ndipo ninapoumia. Kifaa cha bei inayozidi ya pikipiki mpya hakistahili kutupwa eti betri imechoka na kukifungua ni kazi ya fundi. Watengenezaji, tuwekeeni betri tunayoweza kuibadilisha wenyewe.