Kadi ukutani hazitoshi

Makala nzuri, ila mwandishi amepita mbio kwenye kanban, mfumo wa kuongoza kazi kwa kadi. Kubandika kadi ukutani timu yoyote inaweza. Kiini chake, tangu Taiichi Ohno alipoujenga mfumo huo pale Toyota, ni kikomo cha kazi zinazoendelea: kituo cha mbele kisipohitaji kitu, cha nyuma hakizalishi. Kwa waandishi wa programu ni hivi: safu ya "inajaribiwa" inaruhusu kadi tatu, na zote tatu zipo. Basi huanzi kadi mpya. Unainuka kumsaidia anayejaribu. Hapo ndipo mabosi wengi wanaposhindwa, maana wakimwona mtu hana kadi yenye jina lake wanadhani anakula mshahara wa bure.

Na vile vikao vya asubuhi vya kusimama! Vilikusudiwa wanatimu wapangane wenyewe. Ofisini kwetu kila mtu anamtazama meneja, anasoma ripoti, anarudi kwenye simu yake. Wale wataalamu 17 wa programu walioandika ilani ya Agile kule Utah mwaka 2001 walitanguliza watu mbele ya zana. Sisi tumeanza na zana, tena leseni ya mwaka mzima.

Mwandishi, kazi ya dharura ikiingia katikati, kikomo cha kadi mnakilindaje?