Jina la akaunti na jina la till: wafanyabiashara wa Busia, Malaba na Budalang'i, tuongee

Jina la biashara lililofanikiwa kuliko yote kutoka mpaka huu halikutungwa na mtaalamu yeyote. Ni boda boda. Waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, miaka ya 1960 na 1970, waliita abiria kwa kusema wanakowapeleka: kutoka boda hadi boda. Neno fupi, linaeleza kazi, na Msamia, Mnyala, Mteso na Mganda wote waliweza kulitamka bila kufundishwa. Pikipiki zilipokuja zikalirithi. Leo ukishuka Mombasa au Kampala hilo ndilo neno, na kampuni ya SafeBoda ilipoanza kule Kampala ililibeba vilevile, ikaongeza tu neno la usalama na helmeti.

Sasa linganisha na majina tunayoyaona Facebook na TikTok kutoka pande hizi hizi. "Its_Kween_Official_01". "Boss Lady Collections KE". "Real Don wa Mtaa". Mwenyewe anauza omena. Ukisoma jina lake huwezi kujua kama anauza omena, nguo za mtumba au anatafuta mchumba.

Wengi watasema hayo si mambo ya kampuni ya malipo, mtu ajiite anavyotaka. Tunakubali kwa akaunti ya kupigia stori na marafiki. Lakini siku unapoanza kuuza kwa kutumia akaunti hiyo, jina lako linaingia kwenye malipo, na hapo linatuhusu.

Tazama safari ya shilingi yenyewe. Mteja yuko Nairobi, ameona picha ya omena safi ya Port Victoria. Anakuuliza bei kwa inboksi, unamjibu, mnaelewana, unamtumia namba. Anaweka namba, anaweka kiasi, na kabla pesa haijatoka skrini inamwonyesha jina. Akaunti ilisema "Boss Lady". Skrini inasema jina la mwanamume ambaye hajawahi kumsikia, kwa sababu laini ilisajiliwa na shemeji yako. Mteja huyo afanye nini? Sisi miaka yote tunamfundisha jambo moja: soma jina kabla ya kuweka PIN, na kama silo unalolitarajia, sitisha. Kwa maneno mengine, tunamfundisha akukimbie. Na hatutaacha, maana ushauri huo huo ndio unaowaponyesha watu na wakora.

Kwa hivyo ni wewe utakayelinganisha.

Kama una namba ya till iliyosajiliwa kwa jina la biashara, mambo ni rahisi: jina la akaunti lifanane na la till, neno kwa neno ikiwezekana. Kama unapokea kwa namba yako ya kawaida, jina linalotokea ni lile la kitambulisho ulichosajilia laini, na huwezi kulibadilisha kwa sababu umepata jina tamu la TikTok. Basi liandike kwenye maelezo ya akaunti, wazi: "Ukilipa utaona jina hili." Mstari mmoja tu. Tunajua wauzaji ambao huuweka kwenye kila picha, chini pale, na mteja hana haja ya kuuliza. Na tafadhali, acha laini ya shemeji. Pesa ikiingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, siku ya mzozo mwenye jina ndiye mwenye sauti.

Kuhusu "Mama Nafula", "Mama Barasa" na ndugu zao: kuna walimu wa biashara wanaosema jina la namna hiyo si la kisasa, ubuni chapa. Hatukubaliani nao. Kama soko lote la Busia linakujua kwa jina la mtoto wako wa kwanza, huo ni mtaji ulioujenga kwa miaka, usiutupe kwa sababu ya neno la Kizungu. Shida yake ni nyingine kabisa. Kina Mama Nafula ni wengi sana. Tafuta Wanjala au Nekesa kwenye Facebook uone, utashuka hadi kidole kichoke. Kwa hivyo ongeza kitu unachouza. "Mama Nafula Omena" tayari ni mtu mmoja, anayepatikana.

Kuongeza jina la mahali nako ni vizuri, ila hapa kwetu kuna mitego miwili ambayo mtu wa Nakuru haijui.

Mtego wa kwanza ni kwamba Busia ni mbili. Kuna mji wa Busia upande huu na mji wa Busia upande ule, kaunti ya Busia huku na wilaya ya Busia Uganda. Malaba vilevile, huku na ng'ambo. Mwenyeji hasumbuki, anavuka asubuhi na kurudi jioni. Lakini mteja wa Eldoret anayeona "Busia Fresh Fish" hajui kama namba atakayopewa itaanza na +254 au +256, wala kama "5,000" uliyoandika ni shilingi ya Kenya au ya Uganda, na tofauti hapo si ya kutafuna pole pole. Ndiyo maana kwenye mpaka huu hatucheki mtu anayeweka "KE" au "254" mwishoni mwa jina. Kwingine ni urembo wa uzalendo. Hapa inamwambia mteja atume kwa mtandao gani, maana kutuma ndani ya nchi na kutuma kuvuka mpaka ni huduma mbili tofauti, na ada zake ni tofauti.

Mtego wa pili uko kwenye kibodi. Budalang'i ina kile kialama cha juu, na sisi tunaopenda lugha yetu tunajua bila hicho neno linasomeka vingine: ng' ya ng'ombe si ng ya ngoma. Bahati mbaya majina ya akaunti hayakipokei. Instagram inakubali herufi, tarakimu, nukta na mstari wa chini. X inakubali herufi, tarakimu na mstari wa chini tu, na jina lote lisizidi alama 15. Kwa hivyo wengine wanaandika "budalangi", wengine "budalang_i", wengine "budalanyi" ya kubahatisha. Ushauri wetu: andika "budalangi", kavu hivyo, kwa sababu ndivyo mteja atakavyoandika akikutafuta. Kialama kiweke kwenye jina la kuonekana, lile la juu la profaili, ambalo halina masharti makali. Na kama wewe ni wa Port Victoria au Sio Port, usijaribu kubana yote kwenye alama 15. "bunyalarice" inatosha, mchele wenyewe utajieleza.

Mstari wa chini na nukta tunawaogopa kwa sababu moja: mdomo. Jina la biashara yako litasomwa kwa simu, kwenye kelele za malori ya Malaba, na mtu aliyeshika kalamu ya kuazima. "Ni mama nukta omena mstari wa chini sifuri moja." Ameshapotea. Jaribu hivi: mpigie mtu wa nyumbani, mtajie jina mara moja tu, umwambie aliandike. Akikosea, jina halifai, hata kama ni zuri namna gani kwa macho.

Facebook ina kanuni nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwenye jina la mtumiaji, nukta na herufi kubwa hazihesabiki kuwa tofauti. Mama.Omena na mamaomena ni jina moja, kwa hivyo ukilipata limefungwa kote. Instagram si hivyo. Huko mkora anaweza kuongeza nukta moja kwenye jina lako, achukue picha zako zote, aweke namba yake, halafu asubiri wateja wako. Herufi I kubwa na l ndogo kwenye simu nyingi zinafanana kama mapacha. Na akimaliza anaongeza "official". Neno hilo limetumiwa na matapeli hadi kwetu limekuwa kama dalili ya ugonjwa. Usilitie kwenye jina lako bila sababu. Hata ile tiki ya buluu siku hizi hununuliwa kwa malipo ya kila mwezi, kwa hivyo isikulaze usingizi.

Sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 28, inamkataza mtu kutumia mtandaoni jina la mtu au la biashara ya mwingine bila ruhusa au haki. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Lakini utaonyeshaje kwamba jina ni lako? Aliyelisajili jina la biashara kupitia eCitizen ana karatasi. Aliyejiita "Fresh Fish" tu hana pa kushika, kwa sababu samaki wabichi ni wa kila mtu. Ndivyo ilivyo hata kwa boda boda yenyewe: neno ni kubwa, limezunguka Afrika Mashariki yote, na wale wa baiskeli hawakupata hata senti kutokana nalo.

Kuna tarakimu ambazo hatutaki kuziona kabisa kwenye jina. Mwaka wa kuzaliwa. Mtu anajiita "akinyi1994", halafu PIN yake ni 1994. Tusidanganyane, ndivyo wengi wanavyofanya, maana PIN ni tarakimu nne na mwaka wa kuzaliwa ni tarakimu nne na kichwa kinapenda kitu rahisi. Anayeokota simu yako au kuichukua kwa mtutu wa kisu hahitaji uganga, anahitaji tu kusoma profaili yako. Namba ya simu nzima ndani ya jina pia tunaipinga: ukibadilisha laini, jina linabaki linaelekeza wateja kwa mgeni. Namba ya kitambulisho, hata usiwaze.

Kubadilisha jina kuna gharama yake. TikTok inakuruhusu mara moja tu kwa siku 30. X hukuruhusu wakati wowote, lakini lile la zamani likiachwa linaweza kuchukuliwa na mwingine, na wateja waliolihifadhi watamkuta huyo. Kama ni lazima ubadilishe, tangaza kwanza kwa wiki kadhaa kwenye jina la zamani, badilisha bango la kibandani na statusi ya WhatsApp siku hiyo hiyo, na uombe jina la till libadilishwe pia. Hilo la mwisho ndilo husahaulika.

Tumesema "kibandani", na kwa Budalang'i neno hilo lina uchungu. Mto Nzoia ukivunja kingo, kibanda kinaondoka. Mwezi Mei 2020, Ziwa Victoria lilipofikia kimo ambacho halikuwa limewahi kurekodiwa, maji yaliingia hadi kwenye majumba na biashara za ufuoni, na watu wakahamia kambi na kwa jamaa. Mteja aliyezoea kukukuta kando ya stendi hakukuti tena. Kilichobaki ni jina kwenye simu yake. Ndiyo maana tunasisitiza usilifunge jina kwenye kibanda: "Stage ya Pili Fish Point" ni jina linaloweza kuzama.

Na maji yakija huja pia michango. Mabango yenye picha za mafuriko husambaa kwenye magrupu ya WhatsApp yakiwa na majina ya kugusa moyo na namba ya kutumia pesa chini yake. Baadhi ni ya watu wa kweli wanaohangaika usiku na mchana. Wewe unayetaka kuchanga, fanya lile lile ulilofanya kwa omena: weka namba, soma jina linalotokea, uliza chifu au mtu wa kanisa unayemjua kama analitambua. Na wewe unayechangisha, andika kwenye bango jina litakaloonekana kwenye skrini, kwa herufi kubwa kuliko picha.