Taka Tunazozitupa Humwangukia Nani?



Kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya mwezi Septemba, watu wa nchi nyingi hutoka kwenda kusafisha fukwe za bahari. Kwetu sisi Wakatoliki siku hiyo huwa ndani ya Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, kianzacho tarehe 1 Septemba na kumalizika tarehe 4 Oktoba. Tunaziomba jumuiya zetu, na hasa viongozi wa walei, wajitolee kwa moyo katika kazi hiyo. Lakini kabla ya kushika magunia hatuna budi kujiuliza: taka tutakazoziokota zimetoka wapi?

Wengi watajibu kwamba zimeletwa na bahari. Jibu hilo lina ukweli kidogo tu, kwani sehemu kubwa ya plastiki iliyomo baharini hutoka nchi kavu. Hapa Dar es Salaam mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi ya watu na kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Chupa iliyotupwa mtaroni wakati wa kiangazi huchukuliwa na masika hadi ufukweni. Bahari haikuitengeneza plastiki. Inaturudishia iliyo yetu.

Wahenga walisema: kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Nasi tumekuwa kama mchukuzi huyo. Tukiurusha mfuko dirishani mwa daladala, mzigo wetu hupungua, wala hatuulizi unamwangukia nani. Humwangukia mkazi wa bondeni, ambaye mtaro ulioziba humletea maji hadi kitandani. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu wengi wa jiji hili walipoteza maisha, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Hatusemi kwamba plastiki ndiyo iliyoleta mvua ile. Twasema tu kwamba mtaro ulioziba huongeza maafa, na maskini ndiye wa kwanza kuyapata. Humwangukia mvuvi avutaye wavu na kukuta mifuko mahali pa samaki. Na kwa kuwa plastiki haiozi kama ganda la ndizi, bali humeguka vipande vidogo vidogo, itawaangukia hata watoto ambao hawajazaliwa.

Ndiyo maana suala hili ni la haki, si la usafi peke yake. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliliunganisha na amani katika ujumbe wake wa tarehe 1 Januari 1990, na Baba Mtakatifu Fransisko akalieleza kwa mapana katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015.

Serikali nayo imetunga sheria. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 1 Juni 2019, nasi tuliona vikapu vikirudi sokoni. Lakini vifungashio laini, vilivyoruhusiwa kwa kufungia bidhaa tu, vikageuzwa kuwa vibebeo. Sheria haiwezi kumfuata kila mtu hadi gengeni. Huko hufuatwa na dhamiri.

Wapo watakaosema: "Maji ya chupa ni salama, je, mnataka watoto wetu wapate kipindupindu?" Hoja hiyo ni nzito. Pasipo maji safi, chupa si anasa. Lakini parokia yenye jiko na masufuria haiwezi kushindwa kuchemsha maji na kuyaweka katika ndoo safi yenye koki. Baada ya sherehe za kipaimara na jubilei, uwanja wa kanisa hufanana na ule ufuko tunaotaka kuusafisha. Nasi mapadre tumo: tumeketi meza kuu, tukawekewa chupa mbili mbili, tusiseme neno. Tunakiri kosa hilo. Tangu katekisimu tumefundishwa kwamba toba haiishii katika kuungama. Yataka kufidia madhara na kukusudia kutorudia. Kuokota taka ni kufidia. Kuacha kuzitupa ndilo kusudi lenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza haya. Kwanza, twende ufukweni maji yakipwa, tumevaa viatu na glovu. Tuache mwani na miche ya mikoko, maana hizo si taka. Tusichome plastiki, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa majirani; wala magunia yasiachwe pale yakachukuliwa na maji yakijaa. Pili, chupa tuwakabidhi akina mama na vijana waziokotao na kuziuza kwa kilo. Na tuwaheshimu, maana hufanya kila siku kazi tutakayoifanya sisi asubuhi moja. Tatu, kila jumuiya ihesabu ilivyookota, na katika mkutano unaofuata ijiulize ni vingapi vinavyofanana na vile vya nyumbani mwetu. Nne, halmashauri ya parokia iamue kwamba sherehe zetu zitumie sahani na bilauri za kuoshwa.

Mchukuzi mwema hurudi nyuma kuokota kilichodondoka. Mchukuzi mwenye busara hulisuka upya pakacha lake. Tuwe wachukuzi wa namna zote mbili, na Mungu azibariki kazi za mikono yetu.