Picha ya Liuli Ataicheza Nani?

Wiki hii tunashuka mteremko kutoka Mbinga mpaka Ziwa Nyasa. Kuna stori moja ya kule inaninyima usingizi.

Lakini tuanze na mkanda wa zamani. The African Queen, picha ya mwaka 1951, niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video pale Mbinga mjini, watu wamejaa mpaka mlangoni. Wenzangu walitegemea mateke. Wakaletewa mlevi mmoja, Humphrey Bogart, na bibie wa misheni, Katharine Hepburn, wanashuka mto na boti bovu kwenda kulipua meli ya vita ya Wajerumani ziwani. Mwanzoni watu walizomea. Boti lilipoingia kwenye maporomoko, kimya! Wawili wanagombana huku wanapendana, chombo kinavuja: hata sisi wa milimani tusiojua kuogelea tulielewa.

Bogart alipata Oscar kwa kazi ile, na mimi sina ubishi. Walikwenda kuipiga Kongo na Uganda, na inasimuliwa kwamba Hepburn na wengine walipoumwa matumbo kwa maji mabaya, Bogart na mwongozaji John Huston walidunda tu kwa sababu walikunywa wiski. Usiige!

Kitu kimoja kinanikera. Mwanzo wa picha wanakijiji wanachomewa nyumba na kuswagwa kama mbuzi. Baada ya hapo, basi, hatujui walikoishia. Stori inabaki ya Wazungu wawili na boti lao.

Sasa sikia ya kwetu. Liuli, Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lake linalofanana na lile sanamu kubwa la Misri. Agosti 1914, meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Ghafla ikatokea Gwendolen ya Waingereza, ikaanza kupiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, akaingia kwenye kimashua, akapiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza nahodha mwenzake, Rhoades, kama amelewa. Wawili hao walikuwa marafiki wa glasi! Maskini, Berndt hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Akatiwa mbaroni.

Niambie kama hiyo si picha. Kicheko kipo, mzinga upo, na urafiki unavunjika mchana kweupe.

Tatizo ni lilelile. Manahodha tunawajua kwa majina. Je, fundi wa kwetu aliyeshika nyundo chini ya ile meli? Mama aliyekuwa mchangani na mtoto mgongoni mlio ulipopasuka? Hao hawana sura. Na wazee waliosimuliwa na babu zao wanazidi kutuaga.

Nisingesema haya kama nisingeiona Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Zanzibar ya enzi za mkoloni, mapenzi na siasa, na wenyeji ndio mastelingi. Waingereza wamo, ila safari hii wao ndio wapita njia. Nilitoka pale najiambia: kumbe inawezekana!

Basi, vijana wa Mbinga na Mbamba Bay, simu zenye kamera mnazo. Msisubiri meli wala mzinga. Anzeni na mzee mmoja pale Liuli, mkalisheni barazani, mpeni shikamoo yake, muulizeni alisimuliwa nini, mrekodini. Filamu itakuja baadaye, mzee hatasubiri.

Mimi picha yangu nimeshaipanga kichwani. Asubuhi, mama anaanika dagaa ufukweni, jabali liko nyuma yake. Halafu: puu! Watu wanakimbia, nahodha anatukana. Kamera isimfuate nahodha. Ibaki kwa yule mama.

Tukutane wiki ijayo.