Neno la Mhariri: Maji ya Mto Alfajiri

Tangu tulipochapisha, katika toleo lililopita, waraka wa tabibu mmoja aliyeshikilia kwamba kuchukua vinyama vya tezi dume ni kazi ya dakika kumi, na kwamba mzee wa mlimani aliyeukabili wembe wa jando bila kupepesa jicho hana haja ya dawa ya ganzi, sijapata raha ya moyo. Na madhali ukurasa huu ni amana yangu, nitamjibu kwa urefu, nikiwataka radhi waandishi ambao makala zao nitazipitia kwa haraka.

Hoja ya wembe ndiyo iliyonikera zaidi, maana imejengwa juu ya mila ambayo mwenye kuitaja hakuitazama hadi mwisho. Wazee wetu wa Kirinyaga na Nyeri, ambao hapana awezaye kuwatuhumu ulegevu, hawakumtoa kijana kitandani wakamkalisha mbele ya ngariba vivi hivi: walimpeleka mtoni alfajiri, katika maji ya baridi yateremkayo mlimani, akakaa humo hata viungo vikafa ganzi, ndipo akaitwa. Ushujaa ulitakiwa, naam, lakini na maji yalikuwapo. Yawaje basi sisi, tulio na lidokaini aliyoitengeneza Nils Löfgren huko Uswidi mwaka 1943, dawa iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu ile ya kwanza ya 1977, tumnyime mzee wa miaka sabini kile ambacho babu yake alipewa na mto?

Mzee mmoja auzaye nyanya katika soko la Kagio alinisimulia, ameketi juu ya kreti tupu, jinsi alivyolazwa ubavu wa kushoto, magoti yamekaribia kifua, na jinsi alivyokunja kidole kimoja kila sindano ilipofyatuka kwa mlio wake mkavu. Vidole kumi vikaisha, na milio miwili ikawa ingali imebaki. Hospitali siitaji. Alipoitwa tena, kipimo cha damu kilipopanda, hakwenda, na vijana wampakiliao mzigo, waliomsikia, wamewakataza baba zao kwenda hata mara ya kwanza. Haya yatendeka katika nchi ambayo saratani ya tezi dume, ambayo vinyama hivyo huchukuliwa ili kuitafuta, ndiyo iongozayo kwa wanaume, na ambayo Profesa Anyang' Nyong'o, akiwa waziri mwaka 2010, aliutangazia umma kwamba anayo, akawafungua wengi ndimi.

Tabibu wetu asema kwamba sindano ya ganzi ni mchomo juu ya mchomo. Lakini ajua kuliko mimi kwamba ukuta wa utumbo, ukishaupita mlango wa haja, hauhisi mchomo kama ngozi ihisivyo, na kwamba maumivu makali hutoka katika tezi yenyewe. Ndiyo sababu Nash na wenzake, mwaka 1996, waliielekeza sindano, kwa msaada wa ultrasaundi, penye mishipa ya fahamu iendayo kwenye tezi. Mililita kumi za lidokaini ya asilimia moja, nusu kila upande, kisha subira ya dakika tano hivi. Na subira hiyo ndiyo iibwayo aghalabu, kwani foleni ni ndefu na daktari ni mmoja. Machungu ya kuingizwa chombo cha ultrasaundi sindano hiyo haiyafikii, na hapo jeli ya ganzi ina faida yake.

Katika makala za toleo hili, ile ya kuchukua vinyama kwa njia ya msamba yaeleza vyema jinsi ipunguzavyo maambukizi ya vijidudu vya utumbo. Ile ya kipimo cha damu cha PSA imesheheni hesabu, nayo yafaa isomwe na kila daktari wa wilayani. Lakini iliyonigusa ni barua fupi ya muuguzi wa Kerugoya, apendekezaye kwamba saa ya sindano ya ganzi iandikwe katika faili, na saa ya kinyama cha kwanza iandikwe chini yake, ili kila mtu aone kama mgonjwa alingojewa.

Nilimpelekea mzee wa Kagio habari hiyo, nikamwuliza kama angerudi kwa sharti hilo. Alifuta nyanya moja kwa upindo wa koti, akaipanga juu ya nyingine.

"Hizo dakika tano," akasema, "wataningojea kweli?"