Anapochora mraba kwa kompyuta, macho na shingo navyo viko kazini

Mzazi akichungulia kazi ya kijana aliyeanza kujifunza uchoraji wa ramani kwa kompyuta, anachokiona hakimvutii. Mstari. Mstatili. Duara moja katikati ya skrini nyeusi. Akipita tena baada ya saa mbili anakuta mstatili uleule, na kijana pua yake inakaribia kugusa kioo. Wapo wazazi wanaoamua kwamba huo ni mchezo tu na kuzima kompyuta. Wengine, kwa kuwa ada imeshalipwa, humwacha mpaka usiku wa manane, na asubuhi humtafutia panadol.

Mara nyingi kinachomuumiza si kompyuta yenyewe. Ni namna anavyochora.

Katika AutoCAD, programu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1982 na ambayo bado inafundishwa katika vyuo vingi vya ufundi, umbo halikadiriwi kwa jicho. Linaagizwa. Kijana huandika L na kubonyeza Enter apate mstari, C apate duara, REC apate mstatili, halafu anaipa programu vipimo. Chumba cha mita 3.6 kwa mita 3, kikichorwa kwa milimita, kinahitaji kubonyeza mahali kona ya kwanza itakapokaa, kuandika @3600,3000 na kubonyeza Enter. Kazi imekwisha, na kona zote nne ni pembe mraba kamili. Duara nalo huulizwa kitovu, kisha nusu kipenyo. Hapo ndipo wanaoanza wanapojikwaa: tangi lenye kipenyo cha milimita 1000 linaandikiwa 1000, na linatokea tangi la upana wa mita mbili. Angetangulia kuandika D, programu ingeelewa kwamba namba inayofuata ni kipenyo.

Asiyeelewa hilo, pengine kwa sababu darasani wanafunzi watatu walikalia kompyuta moja, huchora kama aliyeshika penseli. Anavuta kipanya polepole akiwinda ncha ya mstari mmoja ikutane na ya mwingine. Kwa macho zimekutana. Akitaka kujaza michirizi ya ukuta, programu inakataa, kwani umbo halijafungwa. Pembeni kuna upenyo mwembamba kuliko unywele. Basi anainamia skrini, anafinya macho, anafuta, anaanza upya. Kumbe kitufe cha F3 huwasha kinachoufanya mstari ujinase wenyewe kwenye ncha ya mwenzake, na F8 huulazimisha uende wima au mlalo tu. Akitaka kuona kwa karibu, gurudumu la kipanya hukuza mchoro bila kugusa vipimo vyake. Hana sababu ya kupeleka uso mbele.

Mzazi anayetaka kujua kama ni kazi au ni mchezo anaweza kutoa futi kamba. Wapime wote wawili meza ya chakula, mmoja ashike ncha huku na mwingine kule, kisha kijana aichore kwa vipimo hivyohivyo na kuonyesha urefu wake ndani ya programu. Akiweza, anajifunza. Akikwama, angalau mzazi amejua anapokwama, na swali la kumuuliza mwalimu limepatikana.

Turudi kwenye kichwa kinachouma. Jicho linapotazama kitu cha karibu, msuli mdogo ndani yake hujikaza ili picha iwe safi, na ukikaa hivyo kwa muda mrefu unachoka kama msuli mwingine wowote. Juu ya hapo, mtu anayekazia macho skrini hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, machozi yanakauka juu ya jicho, na kijana analalamika kwamba kuna mchanga machoni. Wataalamu wa macho hushauri kila baada ya dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa futi 20, yaani kama mita 6, kwa sekunde 20. Vijana husahau. Njia rahisi ni kuufunga mapumziko huo na tabia ambayo mchoraji anaihitaji hata hivyo: kila akibonyeza Ctrl na S kuhifadhi kazi, atazame nje ya dirisha. Umeme ukikatika, mchoro upo, na macho yamepumzika.

Kumpa dawa ya maumivu kila jioni ni jambo jingine. Dawa hizo zikitumiwa siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa miezi mfululizo, zenyewe huweza kusababisha maumivu ya kichwa. Kijana anayefinya macho, anayesogelea skrini kila mara au anayeshindwa kusoma ubao akiwa nyuma darasani apelekwe kliniki ya macho. Wapo wanaoitwa wazito au wazembe kwa miaka, kumbe walihitaji miwani. Na kama kichwa kinamwamsha usiku, kinauma pamoja na kutapika, au anaona kitu kimoja kama viwili, hilo si suala la skrini tena. Hospitali, bila kusubiri wiki iishe.

Kuhusu miwani inayouzwa kwa maelezo kwamba inazuia mwanga wa bluu, uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2023 uliokusanya majaribio 17 uliona kwamba kwa muda mfupi huenda haipunguzi uchovu wa macho ikilinganishwa na lenzi za kawaida. Kama fedha ni ya kubana, heri inunue kipanya chenye gurudumu. Kuchora kwa kidole kwenye kompyuta mpakato ni adhabu, na kifundo cha mkono ndicho kinachoitumikia.

Kitandani si mahali pa kuchorea. Meza na kiti cha kawaida vinatosha, miguu ikanyage chini, mgongo uegemee, skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa. Taa ya chumba iwashwe, maana kwenye skrini nyeusi chumba cha giza hufanya mistari ile myembamba iumize zaidi, na isiwe nyuma ya mchoraji ikamrudishia mwanga usoni kupitia kioo. Mchana atoke nje. Kwa wadogo zake wa shule ya msingi hilo lina uzito zaidi, kwa kuwa watoto wanaokaa nje kwa muda wa kutosha kila siku huwa na uwezekano mdogo wa kuanza kupoteza uwezo wa kuona mbali.

Liko jambo moja ambalo wazazi wa wavulana hawaambiwi mara nyingi. Michoro hii hupangwa kwa matabaka, na kila tabaka hupewa rangi yake: kuta rangi moja, mabomba nyingine, umeme nyingine. Ugumu wa kutofautisha nyekundu na kijani hurithiwa, na huwapata wavulana zaidi ya wasichana kwa mbali. Kijana anaweza kufika chuoni bila kujua kwamba anao, mpaka siku anapofuta mabomba akidhani anafuta nyaya. Kipimo chake ni cha dakika chache, kwa kusoma namba zilizofichwa kwenye madoa ya rangi. Akigundulika haachi fani. Mabomba anayapa mstari wa vipandevipande, umeme mstari wa nukta, na kila tabaka linaandikwa jina lake.