Hakuna mpangilio bora wa mweso

Imani moja imetukaa vichwani sisi wacheza mweso wa Isingiro: kwamba upo mpangilio mmoja wa kete ulio bora kuliko yote, wazee wanaujua, na kijana akishaupata kilichobaki ni wepesi wa mkono na kichwa cha kuhesabu. Naipinga imani hiyo yote. Inaua mchezo, na inawakatisha tamaa vijana ambao wangekuwa mafundi.

Tuutazame mchezo wenyewe. Bao lina mashimo 32 katika safu nne, na kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Kwanza kete huwekwa nne nne katika safu ya nyuma, kila mmoja ahakikishe hesabu imetimia. Kisha anayeanza huzipanga zake apendavyo: atarundika, atasambaza, ataacha mashimo matupu, shauri yake. Akimaliza, mwenzake naye hupanga, huku kazi yote ya aliyeanza iko wazi mbele ya macho yake. Hakuna kete iliyofichwa.

Sasa nieleze, mtu anayeweka mpangilio uleule kila jioni anamficha nani? Mpinzani wake ameshauona mara nyingi. Anajua kete ya mwisho itaangukia wapi, na anajenga jibu lake kabla hata kete moja haijasogezwa. Mbaya zaidi ni yule anayepanga wa pili na bado anaweka ule wa babu yake. Amepewa nafasi ya kujibu, naye anasoma kitu alichokikariri.

Tukumbuke kula kulivyo katika mweso. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayolikabili yana kete, unakula yote mawili. Moja likiwa tupu, huli. Kwa hiyo shimo tupu ni ulinzi, lakini ni ulinzi mahali ambapo kete za mwenzako zinaweza kufika tu. Kwingine ni nafasi uliyoipoteza. Vilevile shimo lenye kete moja halichezeki, hivyo ukizitawanya sana unajifunga mwenyewe. Ukirundika, rundo linaweza kukupeleka mbali, au likaliwa kwa mkupuo mmoja. Thamani ya kila shimo inategemea yaliyo ng'ambo. Huwezi kuyapima mashimo yako 16 peke yake ukasema haya ni mazuri.

Nadhani imani hii tumeitoa kwenye michezo mingine. Katika bao la Kiswahili wote huanza sawa: kete sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni, 22 mkononi. Katika drafti kila mmoja ana kete 12 kwenye nafasi zilezile. Huko fikra huanza baada ya kupanga, kwa sababu kupanga si kazi ya mchezaji. Tumeubeba mtazamo huo hadi kwenye mweso, ambako kupanga ni hatua ya kwanza ya vita.

Wako watu wa mbali waliolazimika kujifunza jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1993 Mmarekani Richard Garfield alitoa mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, ambao kila mchezaji huja na pakiti aliyoichagua mwenyewe, kwa kawaida kadi zisizopungua 60. Wengi walijaza kadi kubwa na adimu wakidhani ubora wa pakiti ni jumla ya ubora wa kadi zake. Mwaka 1996 Paul Sligh aliingia kwenye mashindano ya mchujo huko Atlanta na pakiti iliyobuniwa na Jay Schneider, imejaa vikadi vya bei ndogo ambavyo wachezaji wengi walividharau. Akashika nafasi ya pili. Kila kadi ilikuwa imewekwa ili kila zamu apate cha kucheza, wakati mpinzani bado anasubiri nguvu ya kulipia kadi zake nzito. Kadi ileile ikichomolewa na kuwekwa katika pakiti nyingine haina maana.

Nitaambiwa kwamba wazee hushinda na mpangilio wao wa siku zote. Mtazameni mzee mikono yake, si sura ya jumla ya bao. Kete mbili zimehama, shimo moja la pembeni limeachwa tupu leo ambalo lilikuwa na tatu. Kijana haoni, kwa sababu alifundishwa kuona picha. Na kuna wazee wanaoshinda kwa sababu tu mbele yao hajakaa mtu anayethubutu kuwajibu. Hao heshima yao inalindwa na woga wetu.

Naomba tubadili namna ya kufundisha. Mtoto tumkalishe nafasi ya pili tangu siku ya kwanza. Tumwekee mpangilio wowote, hata ule mtukufu wa babu, tumwambie atafute hesabu ya kuula. Na kelele za "panga haraka, panga haraka" zinazopigwa na watazamaji, zikome. Mwenye kupanga aachwe apange.